Bluu Moja, Nyeupe Kumi na Mbili

Marahaba, marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea zote, hata ya yule aliyenisalimia huku macho yakiwa kwenye simu, ingawa yake nimeipokea nusu. Mmetaka niwaandikie mambo ya kazi ya rangi, ninyi mnaoanza kushika rola. Hotuba sina. Nina vituko, na ndani ya vituko kuna hesabu, kwa hiyo someni huku mnacheka lakini msiruke.

Juzi nilikuwa Mikumi nikaingia kwenye lile duka lenye mashine ya kuchanganya rangi. Kijana anabonyeza namba, mashine inatema matone, kopo linatikiswa, rangi tayari. Nilipiga makofi peke yangu mle dukani kwa furaha. Kijana akaniambia, "Bibi, siku hizi hakuna haja ya hesabu. Mashine inajua."

Nikamwuliza, "Na umeme ukikatika?"

"Tunasubiri."

Haya. Ninyi subirini. Mimi ningesubiri ningekuwa sijaolewa mpaka leo, na ninachotaka kuwaambia ni hicho tu: niliolewa kwa hesabu ya rangi, bluu moja kwa nyeupe kumi na mbili, na nusura hesabu hiyo hiyo ininyime mume.

Naitwa Damari. Nimepaka rangi Kilosa na Mikumi tangu usichana wangu mpaka magoti yalipogoma kupanda ngazi. Kazi nilifundishwa na Mjomba Elia, kaka yake mama. Kwetu sisi watu wa milimani mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake, na baba yangu alipofariki neno la Mjomba likawa ndilo la mwisho. Alikuwa mrefu, mwimbaji wa kwaya, na fundi wa chokaa asiye na mpinzani. Nasema chokaa kwa sababu kabla maduka hayajafunguka, rangi mnayoijua ninyi hapa kwetu ilikuwa hadithi. Mtu akitaka nyumba nyeupe, chokaa. Akitaka ya bluu hafifu, chokaa na bluu ya kufulia, siku ikipatikana. Akitaka ya kahawia, Mjomba alipanda treni hadi Kidete akachimba udongo mwekundu kando ya mto Mkondoa, akauchekecha kwa chandarua kuukuu, akauchanganya na chokaa na chumvi kidogo ili isitoke ukiegemea.

Na alipimaje? Kwa kofia. Chokaa aliipima kwa debe, udongo akaupima kwa kofia yake. Debe moja, kofia mbili. Mwaka fulani tulikuwa tunapaka nyumba ya mwalimu, tumemaliza upande mmoja, Mjomba akainama mtoni kuchota maji na kofia ikaenda zake. Akanunua nyingine kwenye mitumba. Ilikuwa kofia nzuri, lakini ya mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko chake. Debe moja, kofia mbili, kama kawaida. Upande wa pili wa nyumba ukatoka mwekundu kama pilipili, na mwalimu akawa anaishi nyumba yenye mashavu mawili tofauti.

Mjomba aliilaumu Mkondoa. Mimi nililala macho nikifikiria, nikaona kosa lilipo. Angepima vyote viwili kwa kofia, chokaa kwa kofia na udongo kwa kofia, hata angebadilisha kofia kila asubuhi rangi isingebadilika. Uwiano haujali chombo ni kikubwa au kidogo. Unachojali ni kwamba chombo ni kile kile kwa kila kitu. Ukishika hilo, umeshika nusu ya kazi yetu, na mimi nililishika kwa sababu ya kofia.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Sijui kama mnaweza kuelewa furaha ile. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, halafu ghafla unakuta duka pale mjini Kilosa lina sabuni za rangi tatu na unaruhusiwa kuchagua. Watu walikuwa wanaingia dukani kutazama tu. Na rangi za maji za makopo zikaja, zenye picha ya nyumba za ghorofa kwenye lebo, na Mjomba akalishika kopo la kwanza kwa mikono miwili kama anapokea mtoto kwenye ubatizo. Pale Mabwerebwere, mtaani kwetu, karibu kila nyumba ilijinunulia kopo au mawili ya nyeupe na kuyaweka chini ya kitanda kungoja sikukuu. Walikuwa hawajapaka. Kuwa nayo tu ilikuwa heshima.

Kipindi hicho mimi na Mjomba tulipata kazi Mikumi, nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Kuta nyeupe, madirisha ya bluu, zote moja kwa moja kutoka kwenye kopo, hakuna kuchanganya. Kila asubuhi alikuja kijana na baiskeli kuleta maziwa ya chai ya wageni. Alikuwa Msukuma, anaitwa Yohana. Baba yake alihamia Malolo na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, na yeye alikaa Mikumi kwa kaka yake. Alikuwa na meno mazuri na kengele ya baiskeli aliyoipiga hata pasipo na mtu njiani.

Siku moja nikamtania kutoka juu ya ngazi. "Kaka, hayo maziwa ni moja kwa ngapi? Maziwa moja, maji ngapi?"

Akasimama, akatazama juu, akasema, "Moja kwa sifuri, dada."

Nilicheka mpaka Mjomba akaja kunishikia ngazi. Jioni nilichemsha yale maziwa, utando ukaganda mzito juu, nikajua kijana ni mkweli. Siwadanganyi, nilimpenda kwa ajili ya utando ule.

Tulipokaribia kumaliza kazi, Yohana akasema atawaleta wazee wake Kilosa kuja kuposa. Nyumbani kwetu alikuwa hajawahi kufika, wala isingekuwa adabu afike kabla ya posa. Mama alikuwa amepata hamu ya nyumba ya bluu, bluu hafifu, ya kupoza macho, na mimi nilikuwa nimeshaitafuta hiyo rangi kwa kijiko kwenye kifuniko cha kopo: kijiko kimoja cha bluu, vijiko vinane vya nyeupe, hapana; kimoja kwa kumi, bado; kimoja kwa kumi na mbili, ndiyo hii. Nikaipaka kwenye ganda la kiberiti nililolipasua likawa bapa, nikaliacha likauke, nikampa Yohana.

"Mtaa mzima ni udongo na chokaa," nikamwambia. "Nyumba ya bluu itakuwa moja tu. Ukifika Mabwerebwere, tafuta hii."

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Baba yake Yohana, Mzee Masanja, hakutaka kabisa mwanawe aoe huku. Alitaka binti wa kwao. Yohana alimbembeleza mpaka mzee akakubali kwa sharti, na Yohana alinipa maneno ya baba yake kama yalivyo: "Nitakwenda mara moja tu. Tukifika tukapokelewa, sawa. Tukihangaika barabarani tukaikosa nyumba, nitajua Mungu amenijibu, nitageuza na sitakwenda tena." Alikuwa mtu wa kutimiza anachosema. Kwa hiyo ndoa yangu yote ilikuwa imeninginia kwenye rangi ya ukuta, na fundi wa ukuta huo alikuwa Mjomba Elia.

Wageni walitarajiwa Jumamosi. Alhamisi tukaanza. Nikamwambia Mjomba, "Ni bluu moja kwa nyeupe kumi na mbili. Nimejaribu kwa kijiko."

"Kijiko!" akasema. "Mwanangu, kijiko si debe. Debe ni kubwa, lina nguvu zake."

"Mjomba, kijiko kimoja kwa kumi na mbili, au kopo moja kwa kumi na mbili, au pipa moja kwa kumi na mbili, rangi ni ile ile."

"Wewe umepaka miaka mingapi?"

Mjomba akamimina makopo sita ya bluu na makopo kumi na nane ya nyeupe. Sita kwa kumi na nane ni moja kwa tatu, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Nikashika kichwa. Lakini hakuwa mjinga, na hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri. Chokaa ikiwa mbichi huonekana imekolea sana, ikikauka inapauka. Fundi wa chokaa huchanganya rangi iliyozidi makusudi, kwa sababu anajua jua litampunguzia. Macho ya Mjomba yalikuwa yamefundishwa na chokaa kwa miaka yote ile. Alichokuwa hajui ni kwamba rangi ya maji ya dukani haina tabia hiyo. Ikikauka haipauki. Inakolea zaidi kidogo.

Akapaka ukuta wote wa mbele, makopo manne yakaisha, akakaa chini ya mlango kusubiri upauke. Akaimba wimbo mmoja wa kwaya, beti zote. Ukuta ukakauka. Ukawa kama mtu amemwagia nyumba wino wa shule. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama, akarudi ndani, na tukasikia anacheka na kulia kwa pamoja.

"Ongeza nyeupe," Mjomba akasema, sauti imepungua.

Kalamu zenu ziko wapi? Kwenye debe yalibaki makopo ishirini ya ule wino. Kwa kila makopo manne, moja ni la bluu, kwa hiyo mle ndani kulikuwa na bluu tano na nyeupe kumi na tano. Bluu tano zinataka nyeupe sitini. Zipo kumi na tano, bado arobaini na tano. Sisi tulikuwa na kumi tu. Nikamwambia Mjomba njia ya watu waungwana: "Toa kwanza. Chota makopo manane tu ya huu wino, weka kwenye ndoo. Mle kuna bluu mbili na nyeupe sita. Tukiongeza nyeupe kumi na nane tunapata makopo ishirini na sita, yanatosha nyumba yetu mikono miwili, kupaka na kurudia. Tunazo kumi, tunaazima nane, basi. Wino uliobaki tunaufunika, utatufaa siku nyingine."

Hesabu ilikuwa safi. Mjomba alikataa. Mnajua kwa nini? Alitaka lile kosa liyeyuke lote, lisibaki hata kopo moja la ushahidi. Alisema rangi ya dukani haiachwi kwenye debe. Akasimama barabarani, mikono kiunoni, akatangaza kwa sauti ya kwaya: "Mwenye nyeupe chini ya kitanda, alete! Akileta nyeupe atapata bluu!"

Loo! Mabwerebwere yote ilifunguka. Watu walileta makopo utafikiri ni harambee ya kanisa. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Chausiku, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika stesheni, akiwa na kopo kichwani na lingine kwapani, na mama yake mzee nyuma akimfuata kwa fimbo aone kinachoendelea. Debe likajaa, tukahamia beseni la kufulia, beseni likajaa, tukahamia pipa la maji ya mvua. Mjomba alikoroga kwa mchi wa kutwangia. Kila nyeupe ikiingia, watu waliinama wakatazama, wakasema kwa pamoja, "Bado!" Nami nilikaa pembeni nahesabu kwa mawe, kopo moja jiwe moja, nimeanza na zile kumi na tano za mle ndani, mpaka mawe ya nyeupe yakafika sitini.

"Basi!" nikapiga kelele. "Mtu asiongeze hata tone!"

Makopo sitini na tano ya bluu hafifu, laini, ya kupoza macho. Nilichovya kijiti, nikakiacha kikauke, nikaikumbuka ile rangi ya kijiko, na moyo ukatulia. Nyumba yetu ilichukua ishirini na sita. Yaliyobaki tukawarudishia wenyewe, na ziada.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufikiri. Sikufikiri. Nilikuwa na furaha mno.

Ijumaa kila mtu alipaka. Wageni wanakuja mtaani, nani anataka kuonekana mchafu? Tatizo ni kwamba fungu la mtu mmoja halikutosha nyumba nzima, kwa hiyo kila mmoja alizimua kivyake. Mama Chausiku alizimua kwa chokaa. Mwingine alizimua kwa maji mpaka ikawa inachirizika. Mwingine aliongeza nyeupe aliyokuwa ameificha asiilete. Na wote walitaka kuazima ngazi yetu. Vitabu vya hesabu husema mafundi watatu wakimaliza kazi kwa siku mbili, mafundi sita watamaliza kwa siku moja. Aliyeandika hajaona watu sita kwenye ngazi moja. Mimi na Mjomba tulipata ngazi yetu Jumamosi asubuhi, ndipo tukapiga mkono wa pili kwenye ukuta wa mbele.

Nilioga, nikavaa kitenge kipya, nikaingizwa chumbani. Binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe, hilo mnalijua. Nikasogeza pazia kidogo nichungulie barabara. Na ndipo nikaona kile ambacho mtu mwenye akili angekiona tangu jana.

Mtaa mzima ulikuwa wa bluu.

Nyumba zote, kushoto na kulia, mpaka kibanda cha kuku cha Mama Chausiku. Nikaita, "Mjomba! Mjomba, tumekwisha!" Mjomba akaja dirishani, akatazama. Nikamwambia atoke basi awasubiri barabarani. Akajibu kwamba hilo haliwezekani. "Wao ndio wanaoposa. Nikienda barabarani kuwakamata mkono, itaonekana tunakutembeza sokoni. Watapiga hodi wenyewe." Akakaa kwenye kiti chake sebuleni, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtoka.

Wakafika. Walikuja juu ya lori la vitunguu kutoka Malolo, na kwa kusafiri juu ya magunia yale wote walikuwa wanatokwa machozi. Mzee Masanja alishuka, mrefu, kofia ya pama, fimbo, macho mekundu. Yohana nyuma yake amebeba blanketi la zawadi. Dereva akawaambia, "Hapa ndipo Mabwerebwere." Mzee akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamtazama mwanawe.

"Nyumba ya bluu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ipi?"

Yohana akageuza kichwa huku na huku. Basi mzee akachukua ya kwanza iliyokuwa karibu, na ilikuwa ya Mama Chausiku.

Nilisikia kila kitu, maana madirisha yalitazamana. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, poleni na msiba. Mama Chausiku aliona yale machozi akadhani wamefiwa. Mzee akaketi, hakutaka maneno mengi, akaanza moja kwa moja: "Mama, tumetoka mbali. Tumesikia humu ndani kuna ua zuri. Tumekuja kuliomba."

Kikaja kile kicheko. "Baba yangu wee! Chausiku ameshaolewa Kidete, ana watoto wawili. Humu mwenye nafasi amebaki bibi tu!"

Na bibi mwenyewe, kutoka kwenye mkeka wake, sauti nyembamba: "Waulize kama ng'ombe ni wa maziwa."

Mama Chausiku alipiga kigelegele kwa kucheka, majirani wakakisikia, wakadhani posa imekubaliwa, wakapiga na wao. Mtaa mzima ukawa unashangilia posa ya bibi. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimeuma pindo la kitenge. Nilicheka, naapa nilicheka, na huku naogopa, kwa sababu nilimsikia Mzee Masanja anasimama.

"Kwa Elia ni wapi?" akauliza.

Mama Chausiku, amejishika mbavu, akaelekeza kwa kidevu: "Ile pale, baba. Ile ya bluu."

Mzee akatoka nje. Akasimama katikati ya barabara. Dereva wa lori alikuwa hajaondoka, injini inanguruma. "Yohana," akasema, pole pole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha, "nilikwambia. Mara moja. Tumekuja, tumehangaika, tumechekwa. Panda gari."

"Baba, nipe muda kidogo."

"Muda wa nini?"

Yohana akaweka blanketi juu ya gunia, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ganda la kiberiti.

Nilikuwa nimelisahau. Hakika, katika yale mawe na mapipa na makelele, nilikuwa nimelisahau kabisa. Yohana akaenda kwenye ukuta wa Mama Chausiku, akaliweka pale. Kiberiti kikaonekana waziwazi, ukuta umepauka kwa chokaa. Akaenda nyumba iliyofuata. Kikaonekana, ukuta umekuwa mweupe mno. Iliyofuata, ukuta una michirizi. Watu wakaanza kumfuata. Kila akiweka, mtaa mzima unainama, unasema, "Siyo!" kwa sauti ile ile waliyosemea "Bado!" Mzee Masanja naye akaacha kumtazama dereva, akasogea hatua, akasogea nyingine. Mwisho alikuwa mbele ya watu wote, na alimnyang'anya mwanawe kile kiberiti.

"Hujui kuweka," akasema. "Unakiweka juani. Weka kivulini."

Akafika kwetu. Nilikuwa nyuma ya pazia, ningenyoosha mkono ningemgusa. Akakiweka ukutani upenuni, pembeni ya dirisha langu, akakibonyeza kwa kidole gumba, akarudi nyuma kutazama.

Hakikuonekana.

Alifinya macho yake ya vitunguu. Akasogea tena, akapapasa ukuta kwa kiganja mpaka akakigusa. Bluu moja, nyeupe kumi na mbili, kwa kijiko Mikumi na kwa pipa Mabwerebwere, rangi ile ile. Watu walipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Sebuleni nikasikia kiti cha Mjomba kinaanguka.

Lakini mzee alikuwa bado anahangaika pale ukutani. Alikuwa anavuta kiberiti na hakitoki. Mkono wa pili tulikuwa tumeupiga asubuhi ile kwa sababu ya ngazi, ulikuwa umekauka wa kutazama, haujakauka wa kushika. Kiberiti kilikuwa kimeganda. Akavuta tena. Akakiachia. Na kwa mara ya kwanza nikamsikia baba mkwe wangu anacheka, kicheko cha chini, cha tumboni.

Akamgeukia dereva. "Nenda zako," akamwambia. Kisha akamwambia mwanawe, "Chukua blanketi. Hata kiberiti kimekataa kuondoka hapa."

Akavua kofia, akapiga hodi.